Dari la Pijo

Kwanza ng'oa vioo, cha mbele na cha nyuma,
mipira yake imekauka kama ukoko wa uji.
Kisha vishikio, taa ndogo, vikinga jua,
kila skrubu kwenye kopo lake la majarini.

Dari lilikuwa limelegea tangu mwaka wa msiba,
likitupapasa utosi kila tuta la Kitangiri,
limegeuka rangi ya chai kavu
kwa sigara za baba.
Nililivuta, likashuka lote kwa mpigo
na unga wa sponji, na vumbi, na yeye mwenyewe, harufu yake,
hata Kasuka akaweka bisibisi chini.

Pinde sita za chuma. Usizichanganye, nikamwambia,
zinafanana lakini hazilingani,
kama watoto wa tumbo moja.
Tukazipa namba kwa vipande vya plasta ya kidonda.

Ndipo nikaona bati.

Kijani.
Kijani cha jani la mgomba lisilofunguka bado.
Gari hili nimelijua jeupe. Picha zote, jeupe.
Na mama kila Krismasi husema:
"Lililovuka na kivuko kuja kunichukua Ukerewe
lilikuwa la kijani."
Baba akicheka, "Alikuwa analia huyo, rangi angeionea wapi?"
Nasi tukicheka na baba.
Miaka arobaini na mmoja tulicheka na baba.

Nikamwita. Akaja na mikono ya unga wa muhogo,
akaingia kiti cha nyuma, akatazama juu
muda wa kuchemsha maziwa.
Hakusema niliwaambia.
Aliuliza gundi hiyo hukauka baada ya muda gani.

Kitambaa ni cha Makoroboi, mita tatu, kijivu.
Mama alishona mifereji ya pinde kwa cherehani yake ya miguu,
mimi nikakianika juu ya jabali kishike joto, kilainike.
Anzia katikati. Vuta mbele, vuta nyuma, ndipo pembeni.
Usivute kwa hasira:
kunyanzi la hasira halisikii pasi wala mvuke wa birika.

Saa kumi wadudu wa ziwa wakatujia,
wingu zima kutoka upande wa Saanane,
wakifuata ubichi wa gundi.
Tukafunga milango, tukaziba madirisha kwa kanga,
watu watatu, jasho, vichwa vikizunguka,
mama ameshika vibanio mdomoni kama pini.

Ikabaki kona ya kushoto, juu ya abiria.
"Hapo usigundishe," akasema. "Bana tu."

Kasuka aliona ni uzembe.
Fundi yeyote ataona ni uzembe.
Na kunyanzi moja lipo, karibu na taa,
na mdudu mmoja chini ya kitambaa,
kivimbe kama punje ya mtama.

Jana nilimpeleka Bugando kupimwa presha.
Kwenye foleni ya mataa, kwa pembe ya jicho,
nikaona kidole chake
kimekwisha kuingia pale.