Pigo Moja

Mashine yangu haina herufi zote.
Ina vibonye ishirini na viwili, vyeusi, visivyo na alama,
na maneno yanayojirudia sana humu mahakamani
tunayakata, tunayafanya pigo moja.
"Mheshimiwa hakimu": pigo moja.
"Kwa kadiri ninavyokumbuka": pigo moja.
"Mama alishindwa kuwalinda watoto":
hilo nalo nililifupisha mwaka wangu wa pili kazini,
vidole vilikuwa vinachoka.

Leo Jumanne, Februari, Duluth.
Ziwa limeganda hadi penye mnara wa taa.
Rhonda Kivela amekuja na koti la kiwanda cha mikate,
jina limeshonwa kifuani,
kwani zamu yake ni saa nane na basi halimngoji mtu.
Jicho la kushoto limepona, karibu.
Umebaki umanjano ukingoni,
kama doa la chai lililokataa kutoka.

Afisa wa ustawi si mtu mbaya.
Ana mafua, ana faili arobaini na moja, anasoma mbio:
Mama alipigwa mbele ya watoto tarehe tisa.
Mlango ulivunjwa. Simu ilitupwa chooni.
Mama alipigwa tena tarehe ishirini na tatu.

Naandika. Alipigwa. Ulivunjwa. Ilitupwa.
Itazame hiyo w, kaherufi kembamba,
mwanamume wa kilo tisini kajibanza nyuma yake
na buti zake, na pumzi zake.
Kurasa kumi na sita, na Dale ametajwa mara mbili,
zote mbili penye anwani.

— Kwa nini hukuondoka?
— Niliondoka. Oktoba. Siku kumi na moja, kwa dada yangu, Proctor.
— Ndipo watoto wakakosa shule?
— Ndiyo.
— Na ukarudi.
— Niliambiwa watoto wanahitaji makazi ya kudumu.
— Uliambiwa na nani?
— Na ofisi yenu.
— Uliwahi kuita polisi?
— Mara nne.
— Kwa hiyo ulijua kuwa kuna hatari.

Nimeandika mengi kwa miaka kumi na tisa.
Sijawahi kuona mtego uliotegwa kwa adabu hivi,
mlango wa kuingilia umeandikwa "msaada".

Kisha akainuka, bila kuruhusiwa.
"Eino nilimtia kabatini, kwenye makoti, na dada yake.
Halafu mimi nikasimama hivi."
Akageuka. Akaegemeza mgongo hewani,
mikono ameitanua, viganja vimeshika miimo isiyokuwepo,
visigino vimekita zulia la serikali.
Alikuwa mlango. Alikuwa komeo.
Hakimu aliona. Mlinzi aliona, akatazama viatu vyake.

Mashine husikia tu.
Wakili wake ndiye wa kusema, "Kumbukumbu zionyeshe kwamba…"
Wakili alikuwa akitafuta karatasi.
Nami kiapo changu kinanikataza kuongeza neno.
Kwa hiyo atakayesoma, leo au miaka mia ijayo,
atakuta: *Halafu mimi nikasimama hivi.*
Hivi vipi, hatajua.

Uamuzi: watoto wabaki kwa wageni, Hermantown.
Mama atawaona Jumamosi, saa moja, akiangaliwa.
Mama atahudhuria kozi ya malezi, wiki kumi na mbili.
Dale hakuitwa. Dale hana kozi.

Akafunga zipu ya koti, akaniuliza mimi, niliyekuwa karibu,
kama basi la saa saba na nusu bado linapita hapo chini.
Nikamwambia linapita.
Ndilo neno pekee nililompa.

Usiku nimefungua kamusi ya mashine,
nikalitafuta lile pigo moja, nikalifuta.
Najua halitamwongezea hata Jumamosi moja.
Ila kesho wakilisema, nitaliandika kwa urefu wake wote,
silabi kwa silabi, vidole viume,
na hakimu akiuliza mbona leo nachelewa
nitamwomba msemaji arudie,
polepole.