Herufi Kumi na Sita

Mlango wa ofisi, barabara ya kwenda Malaba,
ubao wa futi mbili, na rangi ya buluu
iliyobaki kwenye mitego ya mbung'o.
Mradi umetaka Kiswahili. Daktari Nyaketcho
kaniandikia cheo chake nyuma ya risiti ya maziwa:
Mwanaentomolojia.

Nimeandika vibao Tororo nzima: vinyozi,
maduka ya dawa, makanisa mawili yanayogombana.
Sijawahi kukutana na neno lenye tumbo refu hivi.
Herufi kumi na sita. Ubao unameza kumi.
Nikakata pale ubao ulipokwisha,
MWANAENTOM,
na chini yake, kama mkia wa mjusi,
OLOJIA.

"Umenivunja kiuno," akasema, akicheka.
Akaleta mbung'o mmoja juu ya pini.
"Tazama. Kichwa, kifua, tumbo.
Wagiriki waliiona mikato hii wakamwita entomon,
aliyekatwakatwa. Tom ni kukata.
Ndiyo hiyo iliyomo ndani ya atomu,
kisichokatika,
au ndivyo walivyodhani."
Na lojia? Maneno yasemwayo juu ya kitu, elimu yake.
Na mwana?
"Huyo ni wenu. Hakutoka Ugiriki."

Nikaufuta ubao kwa mafuta ya taa, nikaanza upya:

MWANA
ENTOMO
LOJIA

Tano, sita, tano. Kifua kimetanuka katikati,
mahali pa mabawa.

Kuhusu mkazo tulibishana.
Yeye, aliyesoma mambo haya kwa Kiingereza, hukanyaga mo.
Ulimi wangu hausimami hapo,
huteleza mpaka ji, ya pili kutoka mwisho,
kama ng'ombe anayelijua zizi lake.
"Basi iwe ji. Mlango ni wa Kiswahili."

Rangi haijakauka, akaja mama mmoja wa Osukuru
na kichupa cha damu ya fahali wake anayekonda.
Akasoma mstari kwa mstari, kidole hewani.
"Mwana. Entomo. Lojia.
Baba yake ndiye Entomo? Ukoo wa wapi huo?"
Daktari akapokea kichupa kwa mikono miwili.

Nami, niliyewahi kutunga mashairi shuleni
nikachapwa kwa mizani pungufu,
nililihesabu lile neno kwa vidole: nane,
nusu ya mstari, kamili, haina deni.
Kabla ya kupiga misumari nikageuza ubao,
nikaandika nusu iliyosalia upande wa ukutani
ambako hakuna atakayesoma ila mchwa:

Mwanaentomolojia, mlango haukutoshi.