Jozi

Saba ana miaka sita, na kabla ya kula chochote huuliza.
Humuuliza Bi Eteri wa duka la mikate,
humuuliza padri aliyeshika mkate wa baraka:
"Kuna jozi?"
kwa sauti ya mkaguzi wa tiketi.

Na hapa kwetu Kutaisi ni nini kisicho na jozi?
Biringani imekunjwa, ndani jozi.
Mchicha umepondwa, ukafinyangwa madonge: jozi.
Kuku wa sikukuu anaogelea kwenye mchuzi wa jozi.
Hata ule uzi unaoning'inia dirishani kwa jirani
kama mshumaa mnene wa kahawia,
ukiukata, jozi.
Mjozi wenyewe umesimama uani. Aliupanda baba wa mama mkwe,
naye huuita kwa jina la marehemu.

Mara ya kwanza alikuwa na mwaka mmoja na nusu.
Kidole tu, alisema mama mkwe, kidole cha mchuzi,
nani amewahi kufa kwa kidole cha mchuzi?
Midomo ikavimba, macho yakamezwa na mashavu,
pumzi ikaanza kupiga mluzi,
na teksi ya Zauri ilipita taa nyekundu tatu
nami nyuma naita Saba, Saba, Saba,
kama mtu aliyekwama kwenye hesabu.

Tangu siku hiyo nina jozi ya sindano,
ya kwanza, na ya pili endapo ya kwanza haikutosha,
ndani ya mkoba mwekundu unaokwenda naye hata msalani.
Ana kisu chake, ubao wake, sufuria yenye utepe wa buluu.
Nasoma pakiti zenye herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Nimemfundisha mwalimu Mzia kwa kuchoma chungwa:
paja, bonyeza, hesabu hadi kumi.
Nimekosana na watu. Sana. Kuna nyumba hatualikwi tena.
Wanasema namlea mtoto kama yai.
Haya. Yai nalo likipasuka halishonwi.

Mama mkwe hakusema kitu.
Alinawa tu. Kila akitaka kumbusu mjukuu
alipitia bombani, sabuni hadi viwiko,
kama daktari wa upasuaji,
akamjia mikono ikidondosha maji.
Sikumwambia asante. Ningesema, tungelia,
na sufuria ilikuwa motoni.

Kisha Mwaka Mpya.
Kwetu, anayevuka kizingiti wa kwanza baada ya saa sita
ndiye mguu wa mwaka mzima.
Huja na vitamu, akamlisha kila mtu kwa mkono wake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo.
Na mgeni akija na jozi zilizokaangwa kwa asali?
Kila mwaka ni Zauri, mwenye mguu mwepesi,
na kila mwaka mimi na Saba hujifungia chumbani
tukisikiliza vicheko ukutani.

Safari hii, ilipobaki dakika moja, mama mkwe
alimvika Saba koti, akamjaza mifukoni
mbegu za maboga alizokaanga kwa asali, kwa siri,
katika sufuria ya utepe wa buluu,
akamtoa nje kwenye theluji, akafunga mlango.
Nikaunyakua mkoba. Akanishika mkono.
"Mwache abishe."

Akabisha. Mara tatu, kwa ngumi, kama mdai kodi.
"Nani?"
"Mimi! Nimeleta mwaka. Hauna jozi."

Alitulisha mmoja mmoja, vidole vyake barafu.
Mama mkwe alitafuna amefumba macho.
Akasema, bila kumtazama mtu, mbegu ni ngumu,
haziwezi kuwa jozi hata zikitubu.
Akaomba nyingine.

Hodi ya pili ilikuwa ya Zauri, kilo mia na ushei,
sahani juu ya kiganja, theluji juu ya kofia.
Saba alifika mlangoni kabla yangu.
Akamtazama kutoka chini hadi juu.
"Weka hiyo nje," akasema. "Onyesha mikono."