Kumtuza kwa Mbali

Saa tatu usiku, Padova. Bibi Zanella amekwisha kuoshwa,
amemeza vidonge vitatu, na nusu ya nne imeponyoka
kama inavyoponyoka kila siku.
Aurica ataitafuta baadaye. Amemlaza bibi ubavu,
amemtia mto kati ya magoti,
amewasha televisheni bila sauti,
kwa kuwa bibi hasikii, na yeye
nyimbo za mataifa hazimhusu.
Anangoja mmoja.

Wa kumi na tisa. Ndipo anapopandisha sauti.
Moldova: jina linapita chini ya kioo kwa herufi nyeupe,
na yule pale, katika koti la fedha lililomzidi mabega,
ni Ghenadie, mtoto wa Tudora wa posta,
mwizi wa zabibu za watu.

Wametia moshi. Wametia moto.
Wamemwekea feni ya kupeperusha nywele,
naye kichwa kanyoa.

Wimbo wenyewe, tuseme kweli, si kitu.
Kiitikio kimeazimwa huku, ngoma kule,
Kiingereza anakimeza kama mtu anayekunywa shubiri.
Ila katikati ngoma zikanyamaza,
akaimba mstari mmoja kwa lugha ya nyumbani,
kwa lafudhi ile ya kwao inayochekwa hata Chișinău,
na Aurica akajikuta amesimama,
soksi za bibi mkononi.

Mcheza kwao hutuzwa.
Lakini kanuni za mashindano zimeiangusha methali chali:
kwao ndiko wasikoruhusiwa kumtuza.
Tudora, mama mzazi, hana kura.
Kijiji kizima, padri na kengele yake, hakina kura.
Kura wanazo walioondoka.

Basi akatuza. Ukumbini mtu hujongea akicheza,
akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso;
Aurica alituza kwa kidole gumba,
ujumbe mmoja senti hamsini,
ujumbe ishirini, mpaka simu ikamkatalia.
Euro kumi: chakula chake cha Jumapili
kwenye bustani nyuma ya stesheni,
wanapokutana wenzake kupakia vifurushi
kwenye basi dogo la kwenda nyumbani.
Na wenzake hao, Treviso, Mestre, Verona,
Raisa, Eufrosinia, Nadejda wa mguu mbovu,
kila mmoja katika chumba cha mzee wa watu,
walikuwa wakibonyeza gizani.

Matokeo yakaja usiku wa manane. Moldova ilikuwa ikiburuta mkia.
Kisha mtangazaji wa Roma, meno tupu, akasema:
Watu wa Italia wanatoa alama kumi na mbili kwa...
akaitazama karatasi, akaitazama tena,
Moldova.

Watu wa Italia!
Aurica alicheka hadi akajiziba mdomo kwa soksi.
Watu wa Italia wenye vibali vilivyokwisha muda,
wanaoijua migongo ya Italia, kidonda kipi na poda ipi.
Miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kuwaita hivyo.

Bibi Zanella akafumbua jicho moja. Nani kashinda?
Aurica akainamia sikio la kushoto, lenye nafuu:
Sisi.
Sisi nani?

Kwenye kioo nchi yake ilikuwa ya ishirini na moja.
Akazima. Akapiga magoti kwenye zulia,
akapapasa chini ya kitanda,
akaipata ile nusu ya kidonge.