Mguu wa Kushoto

Bili imefika, hapa Fall River, pamoja na theluji:
dola elfu arobaini na moja
za kukata mguu wangu wa kushoto.
Nimeupeleka mguu wenyewe dirishani kwao,
umevaa soksi ya sufi.

Karani, kijana mpole wa ukoo wa Thibodeau,
akautazama mguu, akaitazama skrini,
akaiamini skrini.

Odília Furtado. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya bima.
Naam, vyote vyangu.
Sukari si yangu. Damu ya kundi B si yangu;
siku nikianguka barabarani
wataniua kwa jina langu mwenyewe.

Basi nipe faili, nilisome.
Haiwezekani, mama,
humo mna siri za mgonjwa mwingine,
na siri ya mgonjwa inalindwa na sheria.

Miaka thelathini nilishona mashati kiwandani,
kila shati na lebo yake shingoni.
Sikujua kuwa jina nalo hufumuliwa,
likashonwa kwenye mwili usiolipimiwa.

Nikarudi kwa miguu, yote miwili,
nikimlaani mwizi kwa Kireno cha mama.
Kwenye ngazi goti likagoma,
nami nikamwona: ana magongo,
yuko kwenye ngazi nyingine, mji mwingine,
muuguzi anaita jina langu,
anaitika.

Usiku unyayo wa kushoto unawasha.
Sijaukuna.
Huenda si mimi ninayewashwa.