Mita Kumi na Moja, Nukta Nne

Wakili wa kampuni alikuja Jumanne na futikamba.
Akashikiza ncha yake kwenye kitasa changu,
akarudi kinyumenyume juu ya theluji ya Duluth
mpaka pale.
Akasoma. Akaandika. Akapuliza vidole.

"Sheria yetu, Bi Kivela," alisema
(ana adabu, alivua kofia),
"haikatai kwamba uliumia.
Inauliza tu ulikuwa umesimama wapi."

Nilikuwa dirishani, nasugua sufuria ya uji.
Lori la kukwangua theluji likashuka kilima bila breki,
breki ambazo fundi alizilalamikia kwa maandishi mara tatu
na mara zote tatu karatasi yake ikawa kisahani
cha kikombe cha mtu.
Eino alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu.
Nikifumba macho lori silioni.
Naona kamba.

Kumbe hatari ina mpaka, kama kiwanja.
Aliye ndani hulipwa hofu yake.
Aliye nje, hata kwa hatua moja,
yake ni huzuni tu,
na huzuni haitolewi risiti.

Wakataka ushahidi wa mwili.
Nikawapa kilo tisa nilizopungua,
nywele ndani ya bahasha,
mkono wa kulia usioshika tena sufuria.
Daktari wao aliugeuza huku na huku
kama mtu aliyeuziwa tochi mbovu,
akaandika: *yawezekana*.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Jaji anajua mita.

Juu ya faili wameandika
*fadhaa ya nafsi iliyosababishwa na uzembe*.
Nimelisoma jina hilo kwa sauti jikoni.
Ni refu kuliko jina la mwanangu
na halikuwahi kuniita usiku kuomba maji.

Hawajui kwamba sikupita mlangoni kwa hatua.
Sikumbuki mlango.
Nakumbuka povu la sabuni mkononi
likiganda juu ya koti lake.

Ile futikamba iliacha mstari kwenye theluji,
mwembamba, kutoka kitasani hadi pale.
Theluji mpya huufunika kila usiku.
Kila alfajiri natoka na kijiko,
naufukua.

Kesi imepangwa mwezi wa nne.
Mwezi wa nne hapa
kila kitu huwa maji.