Kufuli

Saa mbili asubuhi tulikuwa nje ya Afraha,
sisi tuliosalia wa upande wa jua,
wenye magoti ya kupaka dawa na miwani ya kuazimana.
Gari la maiti lilinguruma taratibu.
Tulikuwa tumemsihi mjane, Kageha,
tumzungushe uwanjani mara moja tu
kabla hajashika njia ya Maragoli.
Mlinzi, kijana wa juzi, akapapasa mfuko wa kulia,
akapapasa wa kushoto.
Ufunguo hana.
Langoni mnyororo, na kwenye mnyororo kufuli.

Kimya.
Kisha Muhoro kinyozi akasema:
"Hata leo hapitishi kitu."
Tukacheka mpaka tukashikana mabega,
tukacheka vibaya, kicheko kikageuka njiani,
na Kageha akafuta macho kwa ncha ya leso
akisema, nyinyi watu, nyinyi watu.

Habili Lumadede ni jina la kanisani na la kwenye jeneza.
Sisi tulimwita Kufuli.
Glavu zake za kwanza zilikuwa za kiwanda,
za kubebea magunia ya pareto,
na tulisema mbu wa Nakuru nzima walimkwepa,
na washambuliaji vilevile.
Timu ya taifa ilimwita mara moja;
akarudi na jezi yenye mikunjo ya dukani,
akampa shemejiye, akawa anakamulia ng'ombe nayo.

Sasa hesabu.
Ile fainali na Reli ya Kisumu,
matope hadi kwenye soksi, giza likiingia,
alidaka penalti ngapi?
Otiato anasema tatu.
Chelang'at, aliyekuwa akikata tiketi, anaapa nne.
Muhoro leo amefika tano,
na ukimwacha mpaka makaburini zitakuwa saba.
Mwenyewe nilimuuliza.
"Mbili," alisema. "Ya tatu iligonga mwamba.
Usiunyime mwamba haki yake."

Mimi lakini siku ile siikumbuki sana.
Nakumbuka Jumamosi nyingine, jua kali,
mpira mwepesi, wa mtoto kumsukumia nyanya yake,
ukampita katikati ya miguu.
Uwanja ukaguna kama mlango wa ghala.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na chungwa.
Ganda nililirusha mimi.
Lilimpata sikioni.
Aligeuka, akatutazama, safu kwa safu,
akafika kwangu, akakaa kidogo,
kisha akainama, akaliokota,
akalitupa nje ya chaki
lisije likamteleza mtu.

Jumatatu mama alishuka kutoka Molo
na gunia la maua makavu. Nililibeba mimi.
Kwenye mizani, nani?
Nikajificha nyuma ya kanga ya mama, mvulana mzima.
Wapimaji wengine walikuwa na vidole vizito,
kila mkulima alijua.
Yeye aliweka gunia, akarudi nyuma hatua moja,
akainua mikono yote miwili juu
kama anavyosubiri penalti,
akauacha mshale utulie wenyewe.
"Kumi na tisa na robo."
Mama hakuwahi kufika kumi na tisa.
Njia nzima ya kurudi alikuwa akiitamka ile robo
kama jina la mjukuu.

Habili hakunitajia chungwa.
Nami kwa miaka arobaini na mmoja
nilimpa mkono, nilimnunulia chai, nilimsifia mbele ya watu,
na hilo moja sikulitoa.

Ufunguo haukupatikana.
Gari likazunguka ukuta kwa nje,
polepole, sisi nyuma,
Otiato na Muhoro bado wanabishana, tatu, tano,
na Chelang'at akiwaambia washushe sauti, mtu amelala.
Nilikuwa na chungwa, nililinunua pale langoni
kwa mazoea tu.
Nikalimenya nikitembea.
Maganda nikayatia mfukoni,
yote, hata kile kipande kidogo cha kitovu.